Sweta la Njombe

Mwezi wa sita, shule zimefungwa,
tulishuka Nyegezi tumebeba masweta mikononi
kama watu walioleta baridi kuwauzia wenye jua.

Shangazi Ng'wasi alitupokea kwa hesabu.
"Mmoja, wawili. Na yule wa tatu?"
Wa tatu yumo tumboni, Shangazi.
"Basi sato ni wanne."

Nyumba yake ya Igogo imekaa juu ya jiwe,
si kando ya jiwe, juu,
kama kuku anayeatamia yai kubwa kuliko yeye.
Usiku Lusungu akaninong'oneza:
"Mama, likibingirika je?"
Shangazi akasikia. Ana masikio ya muuza dagaa.
"Hili lilimshinda babu yenu na nyundo yake,
likamshinda na fundi wa baruti.
Lala. Linajua tumo."

Kesho yake tukazunguka kwa ndugu.
Soda kwa mjomba Bugumba,
soda kwa mama mdogo Nyanzobe,
soda kwa mzee ambaye mpaka leo sijui tunahusianaje,
ila aliponiona alilia,
akasema nimechukua mdomo wa marehemu baba.
Kila mlango: "Watoto, semeni mwangaluka."
Minza mdogo akaishika, akaipenda,
akaigawa mpaka saa kumi na moja jioni,
watu wazima wakishika mbavu
maana hiyo ni salamu ya asubuhi.

Siku ya tatu, Saanane.
Kisiwa kinaonekana dirishani kwa shangazi,
kati ya kalenda na picha ya ndoa.
Miaka arobaini na mmoja amekiona akichuja chai.
"Umeshawahi kwenda?" Lusungu akauliza.
"Kufanya nini? Swala hawanunui dagaa."

Wakamvuta, mmoja mkono huu, mwingine ule.
Akatoa sandukuni kitenge cha Pasaka,
akavishwa juu yake jaketi la kujiokolea
lenye harufu ya wageni wa jana,
akakaa katikati ya boti, ameng'ang'ania ubao,
yeye ambaye ziwa hili
limemlisha, limemsomeshea wanawe,
na siku moja, hasemi mwaka gani, lilimchukulia mtu.
Hakuyatazama maji. Aliyasalimu tu, polepole, kwa Kisukuma.

Mwongoza wageni akasema, tazameni pale, pimbi.
Watoto wakamwona pimbi.
Wakamwona kenge, wakakimbia, wakarudi kumwona tena.
Wakamwona swala pala
aliyewaangalia kama karani wa benki saa tisa na nusu.
Shangazi hakuwapo.

Alikuwa amepanda jiwe, peku,
kiganja juu ya nyusi,
akitazama tulikotoka.
Ng'ambo ya maji, Igogo nzima imening'inia mlimani,
mabati juu ya mawe, mawe juu ya mabati,
na hujui kipi kimeshikilia kipi.
Kidole chake kikapanda taratibu,
kanisa, tangi la maji, kwa Mabula fundi redio,
kikapotea, kikashuka, kikaanza upya.
Kikasimama.

"Kile chekundu."

Nilikuwa nimelifua alfajiri sweta la Lusungu,
nikalianika kwenye kamba yake nikasahau.
Kitone. Kama punje ya pilipili
kwenye sahani ya watu elfu.

"Kumbe ndivyo naonekana," akasema,
si kwangu.
Akakaa. Minza mdogo alitaka kukojoa,
Lusungu alitaka tumbili,
boti ilikuwa inapiga honi,
naye akamuuliza mwongoza wageni
kama tiketi ile ni ya kutwa.

Tuliondoka Jumapili na dagaa kilo tatu,
kuku hai mwenye kamba mguuni,
na jina la mtoto ambaye hajazaliwa.

Njombe, ukungu mlangoni, nikafungua mabegi.
Nikahesabu. Nikahesabu tena.
Nikapiga simu.
"Liko kwenye kamba," akasema shangazi,
nyuma yake nasikia sufuria, nasikia ziwa.
"Liache hukohuko liliko.
Nikienda tena kule,
nyumba yangu nitaijuaje?"